Pwani ya Kusini au Snæfellsnes? Ukiwa na siku moja ya kutoka Reykjavík

Kama una siku moja tu ya kutoka nje ya Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, na unachotaka ni pwani ya volkano pamoja na maporomoko ya maji, safari za kuongozwa zinazostahili kupimwa ni mbili. Moja inaelekea mashariki kwa barabara namba 1, inafuata pwani ya kusini hadi kijiji cha Vík, kisha inarudi kwa njia ileile. Nyingine inapanda kaskazini-magharibi na kuizunguka rasi ya Snæfellsnes. Kwenye matangazo zinafanana mno: mchanga mweusi, mlima wenye barafu kileleni, nguzo za mawe, mtu wa koti la njano amesimama mbele ya maji. Ndiyo maana watu wengi huchagua kwa kubahatisha, au huchukua ile ambayo rafiki yao aliweka picha zake mtandaoni.

Msimamo wangu niuseme mapema. Anayefuata maporomoko aende kusini. Anayefuata bahari, majabali na lava iliyofika majini aende Snæfellsnes. Tatizo ni kwamba safari ya kusini huuzwa kwa jina la pwani, ilhali sehemu kubwa ya siku hiyo bahari huioni. Barabara inapita kilomita kadhaa ndani, kati ya mashamba ya majani na ukuta wa milima, na ufukweni mnashuka mara moja au mbili basi.

Maporomoko

Hapa kusini haina mpinzani. Maji yanaanguka kutoka kwenye genge refu ambalo zamani lilikuwa ndio ukingo wa bahari, mawimbi yakipiga chini yake. Barafu kubwa ilipoyeyuka ardhi iliinuka, na mito itokayo kwenye barafuto, yaani ile barafu ya kudumu ya milimani, ikamwaga mchanga mwingi mbele ya genge hadi bahari ikasogezwa. Leo poromoko la Skógafoss liko kama kilomita tano kutoka ufukweni. Mito haikubadili njia. Inafika ukingoni pale pale ilipokuwa ikimwagikia baharini, na inaanguka kwenye nchi kavu.

Seljalandsfoss ndiyo ya kwanza kufikiwa. Ina urefu wa mita 60 hivi na ni nyembamba, lakini sifa yake ni njia inayopita nyuma ya maji. Mwamba wa chini umeliwa kwa ndani ukaacha uwazi mpana, kwa hiyo unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kwanza ni njia pana ya changarawe, halafu tope, halafu mawe yenye utelezi. Ukiwa katikati, maji yako kati yako na uwanda wote wa kusini, na kelele yake inamfanya hata mwongozaji anyamaze. Upepo ukigeuka, rasharasha zote zinakuja usoni: miwani haioni, kioo cha simu hakitii kidole, na koti ambalo dukani uliambiwa halipitishi maji linaanza kukiri ukweli. Wakati wa baridi kali njia hiyo hufungwa kwa sababu inageuka barafu tupu, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa mwezi Januari ukiwa na picha hiyo moja kichwani.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo kuna Gljúfrabúi, poromoko lililojificha ndani ya ufa wa mwamba. Unalifikia kwa kukanyaga mawe ndani ya kijito. Mabasi makubwa mara nyingi hayatoi muda wa kufika. Ya watu wachache hutoa. Ukipata nafasi ya kumuuliza wakala swali moja tu kuhusu safari ya kusini, uliza kama mtapewa muda wa Gljúfrabúi. Jibu lake litakueleza jinsi siku nzima ilivyopangwa.

Skógafoss nayo ina mita 60, ila upana wake unafika mita 25, na haina haya: unaweza kutembea kwenye uwanda wa mawe hadi chini yake kabisa. Jua likitoka nyuma yako, upinde wa mvua hutokea karibu kila mara. Pembeni kuna ngazi mamia kwa mamia za kupanda juu, mahali njia ya miguu ya Fimmvörðuháls inapoanzia. Wenyeji husimulia kwamba mlowezi wa kale, Þrasi, alificha sanduku la dhahabu nyuma ya maji. Vijana walijaribu kulivuta wakaambulia pete ya pembeni peke yake, na pete inayosemwa kuwa ndiyo hiyo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Skógar hapo jirani.

Maji ya Seljalandsfoss yanatoka kwenye barafuto ya Eyjafjallajökull. Jina hilo linatushinda kutamka, lakini Naivasha wanalikumbuka: volkano iliyo chini ya barafu hiyo ilipolipuka Aprili 2010, majivu yalifunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, ndege za mizigo hazikuruka, na maua ya Kenya yaliyokuwa yakisubiri soko yakatupwa. Mlima wenyewe unauona barabarani upande wa kushoto, umetulia, na mashamba ya ng'ombe yako chini yake.

Snæfellsnes ina maporomoko pia, ila usiende kwa ajili yake. Kirkjufellsfoss, lililo kwenye kila kalenda, ni dogo. Linapendeza kwa sababu mlima Kirkjufell wa mita 463 umesimama nyuma yake. Ondoa mlima, na wengi wangepita bila kusimama. Bjarnarfoss ni refu na linaonekana kutoka barabarani. Svöðufoss, karibu na Ólafsvík, limezungukwa na nguzo nzuri za mawe, lakini halimo kwenye ratiba nyingi.

Pwani

Hapa mizani inageuka, japo si kwa sababu kusini ni kubaya. Reynisfjara, ufuo mweusi ulio jirani na Vík, ni wa ajabu kweli. Nyuma yako kuna ukuta wa nguzo za basalti, mwamba mweusi wa volkano, zilizopangana hadi juu. Lava nzito ilipoa taratibu, ikasinyaa, ikapasuka kama tope la bwawa lililokauka, isipokuwa nyufa hizi ziliendelea kushuka ndani na kuacha nguzo zenye pande tano au sita. Za chini zimekatika kwa urefu tofauti na watu huzipanda kupiga picha. Ndani ya pango la Hálsanefshellir ukiinua kichwa unaona vichwa vya nguzo vikining'inia juu yako, vingine vimelala upande, kwa kuwa nguzo hukua kufuata upande uliopoa kwanza. Baharini wamesimama Reynisdrangar, majabali yenye urefu wa hadi mita 66, ambayo kwa simulizi za huko ni majitu yaliyochelewa kurudi nyumbani yakakutwa na jua.

Lakini huo ni ufuo unaoua. Chini ya maji ardhi inashuka ghafla, mawimbi yanatoka bahari kuu bila kuzuiwa na kitu, na baada ya mawimbi madogo kadhaa linakuja moja linalopanda mita nyingi zaidi ya yote. Linamwangusha mtu, mchanga unateleza chini ya miguu, na maji yanarudi naye. Watalii kadhaa wamekufa hapo, akiwemo mtoto wa miaka tisa Agosti 2025. Tangu 2022 kuna taa za tahadhari kwenye njia ya kuingilia. Nyekundu ikiwaka, usiteremke ufukweni, hata ukiona wengine wameteremka. Usiipe bahari mgongo, na pango usiliingie maji yakiwa karibu. Sisi tuliokulia kwenye bahari yenye mwamba unaovunja mawimbi mbali na ufuo tunakuwa na kiburi fulani mbele ya maji. Kiburi hicho kiachwe kwenye basi.

Kwa hiyo sehemu pekee ya kusini ambako kwa hakika unasimama mbele ya bahari ni mahali ambako siku yenye mawimbi makubwa utaambiwa utazame kwa mbali. Ratiba nyingi hutoa kati ya dakika thelathini na saa moja. Safari nyingine huongeza Dyrhólaey, rasi ya mwamba yenye urefu wa mita 120 na tundu kubwa lililotobolewa na maji, ambako kuanzia Mei hadi katikati ya Agosti wanakaa pafini, wale ndege wanene wenye mdomo wa rangi. Ila sehemu ya Dyrhólaey huweza kufungwa wakati wa kutaga, na si magari yote makubwa hufika juu.

Snæfellsnes ni kinyume chake. Ukishafika upande wa kusini wa rasi, bahari haikuachi. Kituo cha kwanza kwa kawaida ni Ytri Tunga, ufuo wa mchanga wa njano, jambo la nadra nchini humo, ambako sili hulala juu ya mawe. Baadaye ni Búðir na kanisa lake dogo jeusi lililosimama peke yake kwenye uwanja wa lava.

Halafu Arnarstapi. Kutoka hapo hadi kijiji cha Hellnar kuna njia ya miguu ya kilomita mbili na nusu, juu ya majabali, kupita ndani ya lava iliyoota kuvumwani, vile vimea laini vya kijani vinavyofunika mawe. Bahari imetoboa matundu na matao chini yako, na shakwe wametaga kwenye kila kibao cha mwamba. Mlima Snæfellsjökull, volkano ya mita 1,446 iliyofunikwa na barafuto inayopungua, uko juu ya kila kitu. Agosti 2012 kilele chake kilionekana bila barafu kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zilizoandikwa. Ulizia kama ratiba inakuruhusu kuitembea njia yote huku gari likiwasubiri Hellnar. Zipo zinazofanya hivyo, zipo zinazokushusha upige picha ya tao la Gatklettur na kukurudisha ndani. Mwezi Juni na Julai vaa kofia. Buabua wa aktiki, ndege anayesafiri kila mwaka hadi karibu na ncha ya kusini ya dunia na kurudi, hutaga hapo chini kwenye majani na hapendi mgeni. Anashuka moja kwa moja kichwani. Inua mkono juu, atashambulia mkono.

Baada ya hapo ni Lóndrangar, minara miwili ya mwamba, mmoja wa mita 75 na mwingine 61, mabaki ya volkano ambayo bahari imeimaliza pande zote. Na kisha Djúpalónssandur, ambayo kwangu peke yake inatosha kuuza safari nzima. Unashuka kati ya kuta za lava hadi kwenye ufuo wa kokoto nyeusi zilizosuguliwa mpaka zinang'aa. Njiani kuna mawe manne makubwa ya mviringo. Wavuvi wa kale waliyatumia kupima mtu kabla ya kumpa nafasi kwenye mtumbwi: Fullsterkur kilo 154, Hálfsterkur 100, Hálfdrættingur 54, Amlóði 23. Aliyeshindwa kuliinua la kilo 54 hakufaa kupiga kasia. Hadi leo hakuna kundi linalopita hapo bila angalau mmoja kuinama na kujaribu, na anayejaribu kwa kawaida ni yule aliyekuwa akilalamika mgongo ndani ya basi. Mbele kidogo, vipande vya chuma vyenye kutu vimetapakaa juu ya kokoto: ni meli ya uvuvi ya Kiingereza Epine, iliyovunjika hapo Machi 1948. Walikufa watu 14, wakaokolewa watano. Chuma hicho kimeachwa kwa heshima yao, na hairuhusiwi kukiokota, wala kokoto zenyewe. Mawimbi hapa nayo ni ya kuogopwa. Tahadhari za Reynisfjara usizisahau.

Saa za kukaa kwenye gari

Reykjavík hadi Vík ni karibu kilomita 187 kwenda tu, na siku nzima huchukua saa kumi au kumi na moja. Snæfellsnes kwa kuzunguka rasi ni zaidi ya kilomita 400, na wengi hurudi baada ya saa kumi na moja au kumi na mbili. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni ndogo, lakini mpangilio wake si mmoja. Kusini mnasimama mara kwa mara kuanzia Seljalandsfoss, kisha inabaki safari ndefu ya kurudi, njia ileile mliyoiona, na gari zima linalala. Snæfellsnes mwanzo ndio mrefu. Mnapita chini ya bahari kwa handaki la Hvalfjörður, lenye urefu wa karibu kilomita sita, mnapumzika Borgarnes, na kwa takriban saa mbili hakuna cha maana kilichotokea. Baada ya hapo vituo vinafuatana mfululizo, na njia ya kurudi si ile mliyokuja nayo.

Mwenye mtoto anayetapika garini au mzee mwenye magoti mabovu akumbuke pia kwamba kusini maegesho yako karibu na vivutio. Skógafoss unaiona kutoka kwenye kiti. Snæfellsnes inadai kutembea, na asiyetembea atakuwa amelipia kutazama majabali kupitia dirishani.

Wakala akikushawishi kwamba kwa nyongeza ya pesa unaweza kufika hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón siku hiyohiyo, kataa. Ni karibu kilomita 375 kwenda tu. Ziwa ni zuri sana, ila mtu anayefika huko baada ya saa zote hizo na kupewa saa moja amenunua kiti cha gari. Nyongeza inayofaa kusini ni Sólheimajökull, ulimi wa barafuto ya Mýrdalsjökull, ambao unaufikia kwa kutembea kama robo saa kutoka maegesho. Ni fursa ya kuona barafu iliyochanganyika na majivu meusi, na kuona jinsi inavyorudi nyuma na kuacha ziwa mahali ilipokuwa. Chini ya Mýrdalsjökull amelala Katla, volkano ambayo mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa mwaka 1918. Mafuriko yake yalibeba mchanga kiasi cha kuisogeza pwani baharini kilomita kadhaa. Huo mchanga mweusi unaoukanyaga Vík una historia hiyo.

Basi kubwa au dogo

Kusini kuna yote mawili, na basi kubwa ndilo la bei nafuu. Kasoro yake si kiti. Watu hamsini wakishuka, wa mwisho anagusa ardhi wakati wa kwanza ameshafika kwenye maji, na kurudi ni hivyo hivyo, kwa hiyo dakika arobaini zilizotangazwa si arobaini. Halafu kuna foleni ya choo. Basi la watu kumi na kitu linaongeza gharama lakini linaongeza pia muda wa nje, na muda wa nje ndio unaoulipia. Snæfellsnes huuzwa zaidi kwa magari madogo, ndiyo sababu moja ya bei yake kuonekana juu. Ukilinganisha bei, linganisha dogo na dogo.

Jambo jingine dogo linalowachelewesha wageni: mabasi makubwa hayaingii mitaa ya katikati ya Reykjavík, na abiria huchukuliwa kwenye vituo vyenye namba. Angalia namba ya kituo chako usiku, si asubuhi. Gari linaweza kufika wakati wowote ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa hiyo simama nje.

Majira

Mwishoni mwa Juni jua linazama usiku wa manane na kuchomoza yapata saa tisa usiku. Safari yoyote itakuwa na mwanga, na ugomvi pekee ni umati wa watu. Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza baada ya saa tano asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Saa nne za mwanga! Hapo kusini inashinda. Barabara namba 1 husafishwa theluji mapema, vituo vyake ni vichache, na mpangaji mzuri hupanga safari ili mwanga uwakute mahali pa maana. Waislamu watajionea wenyewe Adhuhuri na Alasiri zinavyobanana. Anayesafiri ana ruhusa yake ya kukusanya sala hizo, na kituo cha Vík kinafaa kwa hilo.

Snæfellsnes wakati wa baridi ni bahati nasibu. Upepo chini ya mlima Hafnarfjall, karibu na Borgarnes, unasukuma magari, na barabara ndogo ya kushuka Djúpalónssandur inaweza kufungwa. Safari ikiahirishwa na kampuni kwa sababu ya hali ya hewa, kawaida unarudishiwa pesa au kupangiwa siku nyingine. Soma masharti hayo kabla ya kulipa, hasa kama ndege yako inaondoka kesho yake. Kuanzia Mei hadi Septemba, hata hivyo, sioni sababu ya kuikwepa.

Kwa nini mwongozaji, na si gari la kukodi

Kwa mtu aliyezoea kuendesha, kiangazi njia zote mbili zinawezekana kwa gari la kawaida. Ukiwa wanne, hesabu inaweza hata kuwa nafuu kuliko tiketi nne. Lakini unaendesha upande wa kulia, jambo linalomtaka Mtanzania au Mkenya awe macho kwenye kila mzunguko. Taa ziwake mchana na usiku, kasi isizidi kilomita 90 kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na kutoka nje ya barabara ni kosa lenye faini nzito. Upepo ukiung'oa mlango wa gari, bima nyingi hazilipi; kwa hiyo mlango unafunguliwa kwa mikono miwili. Ongeza maegesho ya kulipia Seljalandsfoss, Reynisfjara na Kirkjufell. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mimi ningemwachia dereva anayeijua barafu, bila mjadala. Mwongozaji ana faida nyingine pia: anapoona Reynisfjara imechafuka, ndiye anayesema hapana.

Pesa, tumbo na nguo

Fedha ni krona ya Aisilandi, lakini noti unaweza usizione kabisa; hata choo kinalipiwa kwa kadi, na kadi iwe na namba ya siri unayoikumbuka. Bakshishi si desturi. Chakula cha mchana kwa kawaida hakimo kwenye tiketi. Kusini mtashushwa Vík au kituo cha mafuta. Soseji yao maarufu ya ndani ya mkate ina nyama ya kondoo iliyochanganywa na ya nguruwe na ng'ombe, kwa hiyo asiyekula nguruwe atafute supu ya kondoo au samaki. Snæfellsnes maduka ni machache zaidi. Nunua kitu Borgarnes na ukiweke mfukoni.

Suruali ya kuzuia maji ni muhimu kuliko koti zito. Kusini utalowa kwa maji ya mto, Snæfellsnes kwa mvua inayokuja kwa ubavu. Mwavuli uache hotelini. Wakati wa baridi vaa vyuma vya kunasia barafu kwenye viatu. Makampuni mengine hukodisha, mengine hayana.

Kuhusu viza: Aisilandi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen hata kama anapita tu uwanja wa ndege wa Keflavík akitoka Marekani kwenda Ulaya na anataka kulala usiku mmoja mjini.

Kuamua

Wa mara ya kwanza, anayesafiri kati ya Novemba na Machi, au aliye na wazazi na watoto wadogo: kusini, kwa basi dogo ikiwezekana. Atarudi na maporomoko mawili ambayo hakuna picha inayoyatendea haki, na barafuto akiongeza.

Anayependa kutembea, anayechoka haraka na foleni, au aliyewahi kuona maporomoko makubwa kwingine: Snæfellsnes, kiangazi. Huyo asiwe na wasiwasi kwamba amekosa kilicho maarufu.

Na mwenye siku mbili asiamue kwa karatasi. Akate tiketi ya kusini kwa siku yoyote, kwa kuwa hiyo inavumilia mvua. Maporomoko ndani ya mvua bado ni maporomoko. Snæfellsnes iwekwe siku ambayo utabiri wa tovuti ya hali ya hewa ya huko, vedur.is, unaonyesha upepo mdogo na mawingu ya juu, kwa sababu mlima ukifunikwa na njia ya Arnarstapi ikiwa na upepo wa kumwangusha mtu, nusu ya ulicholipia haionekani. Kama tiketi zote lazima zikatwe mapema, ya Snæfellsnes ndiyo itangulie, ili ikiahirishwa kuwe na siku ya pili ya kuipokea.